Kisu cha Elfu Themanini na Tano

Jumatatu

Kisu kimenikunjikia. Nilikuwa Kinondoni, kwa mama mmoja anayetaka soketi mpya jikoni. Nimeshazima swichi kuu, kebo nimeshaikata, nilikuwa nabandua ganda la waya. Ncha ikagota kwenye ukingo wa boksi la ukutani, bapa likarudi kwenye mpini, na kidole changu cha shahada kilikuwa katikati.

Ni kisu cha kukunja cha shilingi 6,000, kile kinachopangwa juu ya turubai kando ya barabara pamoja na tochi, kufuli na vipande vya sabuni. Hakina kitu cha kulishika bapa likishafunguka. Ndani ya mpini mna ubati mwembamba unaofanya kazi ya springi, na ubati huo ukishalegea, bapa linarudi kwa kuguswa tu. Hulegea mapema.

Mama mwenye nyumba alinipa pole na kitambaa cha kufutia vyombo. Halafu akauliza kama soketi itakuwa tayari kabla ya saa kumi. Ilikuwa tayari.

Duka la dawa lilikuwa na foleni. Mbele yangu alikuwepo bwana aliyetaka dawa ya kikohozi, akasomewa maelezo ya kila chupa iliyokuwa rafuni. Nikainua kidole juu ili damu isidondoke sakafuni. Muuzaji akadhani namwita. "Subiri zamu yako, kaka." Nikasubiri.

Kwenye daladala ya kurudi Tandika sikupata kiti. Bomba la kushikilia liko juu na mkono wa kushoto ulikuwa na mkoba wa vifaa. Nilishikilia kwa vidole vilivyobaki.

Jumanne

Mama watoto ameangalia bandeji akasema ninunue kisu cha maana. Kisha akauliza kisu cha maana ni shilingi ngapi. Nimekwenda mjini kuuliza.

Duka nililoelekezwa lina kabati la kioo, na visu vimo ndani. Ufunguo wa kabati alikuwa nao kijana aliyekwenda kula. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kila anayeingia ananisukuma goti. Kijana alirudi, akaosha mikono, akahudumia mtu wa betri kwanza.

Visu vilivyonihusu vilikuwa vya aina tatu. Cheusi, cha Kimarekani, shilingi 420,000. Chekundu chenye msalaba, Victorinox ya Uswisi, 145,000. Na cha mpini wa mti, Opinel ya Ufaransa namba 8, bei 95,000. Nilizisoma bei kwa kioo, maana vibandiko vilitazama ndani.

Chekundu nakiheshimu. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884 kule Ibach, na mwaka 1891 akaanza kuliuzia jeshi la Uswisi kisu cha askari. Kilikuwa na bapa, kifungua kopo, kekee na bisibisi, kwa sababu askari alihitaji kula na pia kuifungua bunduki yake. Ni kifaa cha kazi tangu siku ya kwanza, hata kama leo wengi wanakinunua kiwe zawadi. Ila mabapa ya kile kidogo cha kawaida hushikwa na springi peke yake. Ni springi nzito na imara, lakini hakuna kufuli, na vikubwa vyenye kufuli kabatini havikuwemo.

Cha mti kina pete ya chuma shingoni. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi Savoie mwaka 1890, na pete ikaongezwa mwaka 1955. Unafungua bapa, unazungusha pete, uwazi wa mpini unazibwa, na bapa haliwezi kurudi mpaka uizungushe pete tena. Kitu chenyewe ni rahisi kiasi kwamba mtoto angekieleza. Nilitaka kukizungusha kwa mkono wangu.

Kijana akakataa. "Mzee, hiki kikifunguliwa kinachakaa. Lipia kwanza." Nikamwambia kisu kinachochakaa kwa kufunguliwa kitanifaa nini. Akanijibu kwamba chuma kizuri ni cha Ulaya tu, wala hakihitaji kujaribiwa. Kabati likafungwa.

Jumatano

Nilikwenda benki kuchukua pesa, endapo nitanunua. Mlangoni mlinzi alipapasa mkoba akatoa plaizi, tesita, bisibisi na kile kisu cha 6,000. Plaizi, tesita na bisibisi alinirudishia. Kisu alikiweka kwenye droo na kunipa kibati chenye namba.

Ndani mtandao ulikuwa umekatika. Tulikaa kwenye mabenchi tukitazama namba moja ileile ikiwaka ukutani. Bibi aliyekaa kando yangu aliniuliza kidole kimefanya nini, nikamweleza, akawaeleza wa benchi la nyuma.

Nilipotoka, mlinzi alikuwa ameshabadilishana zamu na mwenzake. Huyu wa pili hakujua habari za droo. Alitaka kitambulisho, halafu akataka nikieleze kisu changu kabla hajakitoa. Nikasema ni cheusi, kimelegea. Akakitikisa, akaridhika.

Jambo hili limenikaa. Fundi huacha kisu mlangoni kila anapoingia ofisi yenye ulinzi, na akipanda ndege hawezi kukaa nacho kitini, lazima kiende na mzigo. Kisu cha 420,000 kingelala kwenye droo za watu nisiowajua mara ngapi kwa mwaka? Kikipotea, hakuna mlinzi atakayekilipa.

Alhamisi

Mnoa visu hupita mtaani kwetu asubuhi akigonga chuma kwenye usukani wa baiskeli. Leo hakupita. Nikamfuata sokoni Tandika kwa miguu, tope la masika likifika juu ya kiatu, nikamkuta amezungukwa na kina mama wenye visu vya jikoni na muuza nyama mwenye panga mbili. Nilikuwa wa mwisho, na aliyekuja baada yangu alihudumiwa kabla yangu kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. Hilo ni haki.

Ameisimamisha baiskeli juu ya stendi, mkanda umetoka kwenye gurudumu la nyuma kwenda kwenye jiwe la duara, na yeye anakanyaga pedeli. Nilimuuliza wazi: chuma kipi kinafaa kwa mtu anayekata waya, mabomba ya plastiki na maboksi kutwa nzima?

Hakujibu mara moja. Alichukua kisu laini, akakipitisha, cheche chache, kimekwisha. "Hiki kinanoleka upesi na kinakufa upesi." Akachukua kingine, kigumu, cha mpishi wa hoteli. Jiwe lililia muda mrefu. Kisha akanionyesha ukingo wa bapa moja la zamani lililotupwa kwenye kopo la misumari: mstari wa rangi ya majani makavu, na karibu na ncha rangi ya bluu kama ya mafuta ya taa juu ya maji.

"Hapa kimeungua," akasema. Jiwe kavu linaloenda kasi hutia joto, na chuma kigumu kikipata joto kiasi cha kugeuka bluu, ugumu uliotafutwa kiwandani umeondoka sehemu ile. Utakinoa, kitakata leo, kesho ni butu. Kwa hiyo yeye hukiinua kisu kila baada ya mpito, hukichovya kwenye ndoo, na vile vigumu sana havitaki kabisa. Aliniambia nivipeleke kwa mwenye kinoo cha maji na muda mwingi.

Nikamtajia cheusi cha Kimarekani. Akatikisa kichwa. "Kaka, utanoa wapi?" Hilo swali hakuna dukani aliyeniuliza. Kisu kinachokaa na makali miezi mitatu ni kizuri, lakini mwezi wa nne kinahitaji mtu wa kukirudishia makali hayo. Kama mtu huyo hapatikani kati ya Tandika na Kariakoo, pesa yako imelala.

Alininolea cha 6,000 pia. Hakunidai.

Ijumaa

Baada ya swala nilikwenda Gerezani kwa wahunzi. Maneno ya kijana wa dukani yalikuwa bado yananiuma. Chuma kizuri ni cha Ulaya tu! Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za wazee wa Kihaya, Kagera, walioyeyusha chuma kwa tanuri la udongo na mivukuto wakapata chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Mabaki ya tanuri za namna hiyo katika eneo lile yanarudi nyuma miaka 1,500 hadi 2,000. Mtu anayeuza visu Dar es Salaam anapaswa kulijua hilo.

Mhunzi niliyemkuta hufua visu kwa springi za gari zilizovunjika. Ni chuma kinachofaa. Springi ya lori imetengenezwa ibebe uzito na kurudi ilivyokuwa miaka mingi, kwa hiyo kaboni imo ya kutosha kuifanya iwe ngumu. Aliipasha moja hadi ikawa nyekundu, akaigusisha sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. Sumaku haikunasa. Hapo ndipo akaizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, moshi ukatupanda wote usoni. Shati langu jeupe la Ijumaa limepata madoa.

Kisu chake kisichokunjwa ni 20,000 pamoja na mpini wa mninga, na ningekinunua pale pale kama ningekuwa mchinjaji. Nikamuuliza cha kukunja. Akasema kweli, bila kuzungukazunguka: "Hicho sifanyi. Kile kishipa cha katikati kinataka mashine." Kishipa kikipwaya kidogo bapa linacheza, kikibana sana halifunguki, na kati ya hapo hakuna nafasi ya kubahatisha kwa nyundo.

Tatizo la pili ni kutu. Chuma cha springi hakina kromiamu ya kutosha kuzuia kutu, na sisi tunaishi pwani. Kikate ndimu, kiache usiku mmoja karibu na dirisha, asubuhi kina madoa. Fundi umeme anatoa jasho, anaweka kisu mfukoni, anakisahau. Mvua ilinikuta kituoni nikiwa nayatafakari haya, na kituo hakina paa.

Jumamosi

Kabla ya kurudi dukani nimepita Kariakoo kuona chekundu cha bei ndogo. Kijana alinipa kimoja kwa 15,000 na kuapa ni orijino. Angalau aliniruhusu kukishika. Nilikiinua kuelekea jua: mwanga ulipita kati ya springi na ganda la plastiki. Bapa dogo lilikuwa linasugua kubwa kila likifunguliwa. Maandishi kwenye shina la bapa yalikuwa yamevimba, herufi zimeshikana. Msalaba ulikuwa wa rangi tu, umepakwa juu, na kucha iliuchubua. Nikamrudishia. Akasema nimemharibia bidhaa, na waliokuwa karibu wakakubaliana naye.

Hesabu niliyoifanya kwenye daladala ni hii. Anayenunua kisu cha 6,000 kila baada ya miezi mitatu atakuwa ametoa 84,000 kwa miaka mitatu na nusu, na kwa muda wote huo atakuwa na kisu kinachomkunjikia. Bandeji sijazihesabu. Kisu cha chini ya laki chenye kufuli, kisichoshika kutu na kinachokubali kinoo cha kawaida, kikikaa miaka mitano, kimejilipa. Kutoka hapo hadi 420,000, mimi na kazi yangu hatuoni kinachoongezeka ila hofu ya kuibiwa.

Dukani kijana wa ufunguo hakuwepo. Alikuwepo mama mtu mzima, mwenye duka. Nikamwamkia, nikaeleza, nikamwonyesha kidole. Alifungua kabati mwenyewe, akaweka cha mti mkononi mwangu: "Kijaribu, mwanangu." Nikalitikisa bapa pembeni, halikucheza. Nikazungusha pete, nikaisukuma ncha kwenye ubao wa kaunta, halikurudi. Kwenye bapa pameandikwa kwamba ni chuma kisichoshika kutu, maana kiwanda hicho hutengeneza pia cha kaboni kinachotaka kufutwa kila saa. Urefu wake ni sentimeta 8 na nusu. Alinionya kwamba mti ukilowana huvimba na bapa hukataa kufunguka, nikiweke mbali na maji na nikitie tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Alipunguza hadi 85,000.

Malipo kwa simu yalikataa, yakakubali, ujumbe haukuja. Tulisimama tukiutazama mpaka ulipokuja. Mama aliniletea kiti kile kile cha plastiki.

Jumapili

Kisu kimemenya machungwa ya nyumba nzima. Jirani amekiazima kufungulia gunia la mkaa, akakirudisha jioni kikiwa cheusi. Nimekifuta, nimekitia mafuta, nimekificha kwenye mkoba.

Kwa fundi anayeshika kisu kila siku, nasema 85,000 ni bei ya haki. Kwa anayemenya chungwa mara moja kwa wiki, cha jikoni kinamtosha. Na nyinyi mnaouza visu Kariakoo na mjini, fungueni makabati. Mteja alitikise bapa, aijaribu pete, alipe akijua anachokilipia.