Mwulize Somo: Mshauri wa Kwenye Simu

Somo, mchumba wangu ni muuguzi. Hupitisha saa nzima bila kujibu meseji. Niliiuliza akili mnemba, ikasema nastahili mtu wa kunithamini. Yeye naye kaiuliza, ikamwambia ninambana mno. Tufuate lipi?
– Njia Panda, Mbagala

Mwanangu, mimi umeniambia ni muuguzi. Mashine uliiambia, au ulianza na "ananipuuza"? Yenyewe haijui ila ulichoiandikia, na hupenda kumfurahisha aliyeishika. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa maboresho mapya ya ChatGPT siku chache tu baada ya kuyatoa, kwa kuwa yalizidisha kuwasifu watumiaji. Ugonjwa ulipunguzwa, haukuisha. Kaeni pamoja, msomeane majibu yote mawili kwa sauti. Mkicheka, uchumba upo. Mkinuna, njooni kwangu, na mje wote wawili.

Somo, siri zangu zote naipa simu kwa sababu shangazi hana kifua. Nakosea?
– Mficha Siri, Tanga

Shangazi yako namfahamu. Ukimnong'oneza Tanga asubuhi, adhuhuri Pangani wanakupa pole. Lakini Sam Altman, mkuu wa OpenAI, alisema mwenyewe mwaka 2025 kwamba mazungumzo ya mtu na ChatGPT hayana kinga ya kisheria kama ya daktari au wakili. Mahakama ikiyataka, kampuni huenda ikalazimika kuyatoa. Shangazi akizidi, wazee humwita akaulizwa. Kampuni utaiita baraza lipi?

Somo, sema kweli: unaogopa kunyang'anywa kazi na akili mnemba?
– Mchokozi, Ilala

Naogopa, tena hofu hii haikuanza leo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyogeuza maneno ya mtu yakawa maswali, basi. Karani wake, aliyejua fika kwamba ni programu, akamwomba atoke chumbani wazungumze faragha! Ya leo ina maneno matamu zaidi, na saa nane za usiku iko macho; mimi nimelala.

Barua ya kuomba kazi, bajeti ya mshahara, hata namna ya kuanza mazungumzo magumu na baba: iulize, wala sina wivu. Ila kuoa, kuachana au kuacha chuo, muulize pia mtu anayewajua nyote, atakayethubutu kukwambia "hapo umekosea wewe", na ambaye mambo yakiharibika utabisha hodi kwake akufungulie.