YAH: Uthibitisho Kwamba Babu Alizaliwa

Mjukuu wa Mtu Aliyezaliwa,
Nyabiyonza, Kagera.

Kwa Mheshimiwa Ofisa Unayehoji Asili za Watu,
Kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji (akirudi).

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, pokea shukrani. Kabla hujaanza kutuuliza babu zetu walizaliwa wapi, lini, na karatasi iko wapi, sisi watu wa Nyabiyonza tulikuwa tunamaliza jioni zetu kwa kulalamikia bei ya kahawa. Sasa kila anayetafuta kitambulisho ni mtafiti. Masanduku ya bati yamefunguliwa, picha zimeshushwa ukutani na kugeuzwa mgongo, na vijana ambao hawakuwahi kumsikiliza bibi hata kidogo wanamfuata jikoni na daftari. Walimu wa historia walijaribu miaka mingi kuwatia watoto wetu ari hii, wakashindwa. Wewe umeweza kwa muhuri mmoja, tena kwa kutunyima.

Nikupe taarifa ya utafiti ulipofikia. Rekodi ya zamani tuliyoipata kuhusu Karagwe ni ya mwaka 1861. Mwezi Novemba mwaka huo wasafiri Wazungu, John Hanning Speke na mwenzake James Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama, yaani mfalme wetu, Rumanyika. Walikaribishwa vizuri, nasi hatujawahi kuwa wachoyo. Speke akaomba kumpima shemeji wa Omukama, mama aliyenona kwa maziwa. Mkono sentimita 58, kifua 132, paja 79, urefu 173. Hesabu hizo, kwa futi na inchi za kwao, zikachapishwa kitabuni mwaka 1863 Wazungu wazisome. Jina la mama hakuliandika. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama fomu yako ina nafasi ya paja la bibi, hakuna wilaya itakayotufikia. Kama inataka jina, hapo ndipo tunapokwama.

Speke huyohuyo, aliyeingia bila viza wala barua ya mwenyekiti wa kitongoji, alimweleza Rumanyika kwamba ukoo wake ulitoka Uhabeshi. Fikiria. Mwenye nyumba amekaa kwake, ng'ombe wake wanalia nje, na mgeni aliyefika juzi anamfahamisha kuwa yeye ndiye aliyetoka mbali. Sijui kama ofisini kwako mna picha ya mwasisi ukutani. Kama hamna, nina pendekezo.

Unauliza pia babu alizaliwa wilaya gani. Babu alizaliwa kwenye migomba ya baba yake, wakati eneo hilo likiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Alilipa kodi ya kichwa katika Tanganyika ya Waingereza, akauza kahawa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, akafia katika Mkoa wa Kagera, na Karagwe ilipogawanywa mwaka 2012 kaburi lake likaamkia Kyerwa huku shamba likibaki Karagwe. Mzee hajasogea. Nakiri alihama mara moja, miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilipomtoa kilimani na kumpanga kando ya barabara. Aliyemhamisha mnaye kwenye majalada yenu, muulizeni.

Sasa picha. Tunayo moja, na nimesita sana kuiambatanisha. Babu amesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani ya maua ambayo haijawahi kuota popote duniani. Koti ni la studio. Mikono imepita viganja. Saa ameigeuzia kamera ionekane, na bila shaka iliazimwa pamoja na koti. Kingo za picha zimekatwa meno meno, mtindo wa zamani, na hiyo imetusaidia kukadiria miaka. Basi ukiigeuza, nyuma kuna muhuri wa mpiga picha: Kampala.

Najua ulivyochangamka hapo. Tafadhali kaa. Vijana wa Karagwe na Bukoba wa enzi hizo walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu ili wapate fedha ya kodi ambayo Serikali ya huku iliidai. Akishaipata, mtu alipiga picha moja ya kuwatuliza wazazi, akarudi. Ushahidi wetu bora kwamba babu aliishi ndio ushahidi wako bora kwamba si wetu. Angebaki nyumbani bila kupigwa picha, ungesema hayupo.

Cheti cha kuzaliwa hana. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilikuwapo tangu mwaka 1920, ila Waingereza hawakuona sababu ya kumlazimisha Mwafrika asajiliwe. Kichwa chake kilihesabiwa siku ya kodi tu. Ndiyo maana wazee wengi wamepewa tarehe 1 Julai kwenye karatasi zao, na hakuna karani aliyewahi kustaajabu kwamba wanawake wetu walikuwa wakijifungua kwa zamu moja. Halafu mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka wahamiaji haramu, ikapita Kagera, Kigoma na Geita, na wapo waliogundua kwamba kuzaliwa bila cheti ni kosa ambalo adhabu yake hufika alfajiri.

Kumbukumbu zipo, Mheshimiwa, ila hazikai kwetu. Parokia zina vitabu vya ubatizo, vingi kwa Kilatini, vyenye jina la baba, la mama na la kijiji; Mapadri Weupe waliviandika tangu walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na mchwa nao wanavisoma. Majalada ya Wajerumani yako kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, kwa mwandiko ambao Wajerumani wa leo wenyewe unawatoa jasho. Frankfurt, chuo kikuu kina hazina ya picha za makoloni ya Wajerumani zipatazo 55,000. Humo utakuta jina la mpiga picha mara nyingi kuliko la aliyepigwa.

Ombi langu ni dogo. Wewe una gari, mafuta na barua yenye nembo ya Taifa. Mimi nina baiskeli na muziro, yaani mwiko wa ukoo, ambao ulisema si kiambatanisho. Mtume karani mmoja mwenye simu ya kamera apige kurasa za vitabu hivyo kabla mchwa hawajafika herufi ya ukoo wangu. Wakati huohuo, tuletee nakala ya cheti cha kuzaliwa cha babu yako. Tutakibandika ofisi ya kijiji, tujue cheti kamili kinafananaje.

Wako katika ujenzi wa Taifa, endapo itathibitika kuwa ni langu,

Mjukuu.

Nakala: J. H. Speke, aliyeingia Karagwe bila kibali. Kwa taarifa, na kwa hatua za Uhamiaji.