Sifa za Mheshimiwa Kichwa

Katika shughuli zetu, mgeni rasmi aliyeandikwa kwenye ratiba kwamba atawasili saa tatu kamili asubuhi huwasili saa sita, na ukumbi mzima husimama kumpigia makofi. Namjua mgeni mmoja tu aliyefika kwangu kwa saa aliyopaswa kufika, tena bila king'ora, bila msafara, bila kufungiwa barabara. Hakuna aliyempigia makofi. Mimi mwenyewe siku ile nisingethubutu, maana sauti ya makofi ingeniua. Sasa nimepona, naomba wasaa nimsifu: Mheshimiwa Kichwa, yaani kile kichwa kinachomgonga mtu aliyeacha kunywa enaji.

Nianze na jinsi tulivyofahamiana. Kwa miaka mitatu nilikuwa nakunywa chupa mbili kwa siku, moja saa nne asubuhi, nyingine jioni nikianza kazi ya usiku. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu wengine, na maandishi ya watu wengine yanaleta usingizi. Chupa nilizichukua kwa Mangi, duka la tatu kutoka kwetu. Mangi hakuwa na haja ya kuniuliza nataka nini. Akiniona navuka mtaro anafungua friji, na siku ambazo sina hela anafungua na daftari.

Sikuacha kwa ushauri wa daktari. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa na tabia ya kuokota vifuniko vya zile chupa, nami sikujua anavipeleka wapi. Ijumaa moja jioni nikamkuta barazani ametandika kanga, vifuniko kavipanga kwa mistari, kafungua duka. Nikachuchumaa kama mteja, nikaomba robo ya sukari. Akanitazama kwa upole, kama muuzaji anayewajua wateja wake. "Baba," akasema, "wewe si unachukuaga mbili za baridi?" Nikaanza kuhesabu vile vifuniko. Nilipofika arobaini na moja nikaacha kuhesabu. Chupa niliyokuwa nayo mkononi nikaimalizia, kwa kuwa ilikuwa imeshaandikwa daftarini, na hiyo ikawa ya mwisho. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Mheshimiwa aliwasili Jumamosi saa nne asubuhi, saa kumi na sita baadaye. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Marekani, Laura Juliano na Roland Griffiths, walipitia tafiti za miaka mingi juu ya watu wanaoacha kafeini, ile ile iliyomo kwenye enaji. Waliandika kwamba dalili huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kuacha, hufika kileleni kati ya saa 20 na 51, na hukaa siku 2 mpaka 9. Ratiba hiyo niliisoma baadaye, na nakiri kwamba hapa mjini sijapata kuona ratiba nyingine inayofuatwa hivyo, si ya mabasi wala ya mgao wa maji.

Tena si mgeni wa kubagua. Humfuata profesa aliyezoea kahawa chungu sawasawa na anavyomfuata dereva wa boda aliyezoea chupa ya mia sita. Mtu aliyezoea miligramu 100 za kafeini kwa siku, kiasi kisichofika hata mikebe miwili ya enaji, tayari anaweza kumpokea. Na karatasi zake zimekamilika: tangu 2013, hali ya mtu anayeteseka kwa kuacha kafeini imo katika mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutambua maradhi. Wangapi kati yetu wametambuliwa kwa maandishi namna hiyo? Mimi hata cheti cha kuzaliwa nilikipata nikiwa na ndevu.

Lakini sifa yake kubwa ni uaminifu. Ili uione, ni lazima kwanza umjue yule anayemfanyia kazi.

Mtaani kwetu kuna mikopo inaitwa kausha damu. Unapewa laki moja leo bila maswali mengi, na tabasamu juu yake. Ukichelewesha rejesho wanakuja kubeba godoro, televisheni na sufuria yenye mboga ndani. Enaji ni kausha damu ya usingizi. Nguvu inayokupa usiku si yake, ni yako mwenyewe ya kesho, imekukopesha kwa riba. Mwilini mna kitu kinaitwa adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo anavyojazana ubongoni, na kazi yake ni kukaa kwenye viti vyake maalumu na kukuambia ukalale. Kafeini inafanana naye umbo, basi hufanya kile wanachofanya abiria wa Kariakoo saa kumi na moja jioni: inapitisha mkoba dirishani na kuutupa kitini kabla gari halijasimama. Adenosini anapanda, anakuta kila kiti kina mkoba. Anasimama. Wenzake wanazidi kupanda. Ubongo nao, kama konda mwenye tamaa, ukiona hali hiyo kila siku unaongeza viti. Sasa siku mikoba isipoletwa, umati wote uliokuwa unaning'inia mlangoni unakaa kwa mpigo mmoja, kwenye viti vingi kuliko vya zamani. Mishipa ya damu kichwani, ambayo kafeini ilikuwa imeibana, inatanuka. Hapo ndipo utosi unapoanza kudunda kama spika za kigodoro.

Katika biashara yote hiyo ni nani aliyewahi kuniambia ukweli? Chupa iliniambia nina nguvu. Mangi aliniambia mimi ni mteja wake nambari moja, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikunisaidia. Mheshimiwa Kichwa peke yake ndiye aliyebisha hodi mchana kweupe, akakaa, akafungua hesabu. Chupa mbili kwa shilingi 600 ni 1,200 kwa siku. Kwa mwaka ni 438,000. Nilikuwa nimelala kitandani nimejifunika kitambaa cha maji usoni, na hesabu hiyo ilikuja yenyewe, bila kalamu, na kila sifuri iligonga mara yake. Kwa chumba changu cha zamani cha Mabibo hiyo ni kodi ya miezi saba na ushee.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumatatu nilimpa. Akaanza kunilimia utosi.

Hapa naomba nitubu, kwa sababu kabla ya jembe nilikuwa nimejaribu kumfukuza kwa hila. Jumapili alasiri nilijikongoja hadi duka la dawa, nikanunua vidonge viwili vya kichwa, nikameza vyote. Baada ya nusu saa ukimya ulishuka. Nilitaka kumpigia simu kila aliyewahi kusoma sayansi nimshukuru. Kisha, kwa kuwa macho sasa yalikuwa yanaona, nikasoma pakiti: parasetamo miligramu 500, kafeini miligramu 65, kila kidonge. Nilikuwa nimemlipa mkopeshaji kwa hela aliyonipa yeye mwenyewe kwenye dirisha la pili. Mheshimiwa alirudi kesho yake bila kinyongo.

Mama mwenye nyumba alinikuta uani nimeegemea tanki la maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho yamekuingia ndani hivyo, umefiwa?"

"Nimeacha enaji, mama."

Akafikiri. "Basi kunywa chai ya rangi."

"Chai nayo inayo hiyo hiyo kafeini."

"Sasa mwanangu, ukiacha na chai utakuwa unakunywa nini, maji ya betri?"

Sikuwa na jibu. Na ninavyoona sasa, mama alikuwa anajua zaidi yangu. Kuacha kwa mkupuo ni ushujaa wa kijinga. Anayepunguza kidogo kidogo hupigwa kidogo kidogo. Kuanzia Jumanne nikawa nakunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi, na Mheshimiwa, ambaye siku zote nilimdhania hana mazungumzo, akakubali nilipe kwa awamu.

Kuna fadhila nyingine aliyonitendea ambayo nikiificha nitakuwa mwizi wa fadhila: alinifundisha kusoma. Miaka mitatu nasahihisha maandishi ya watu, nanyofoa koma, nabishana na waandishi juu ya "ambayo" na "ambao", lakini lebo ya kitu ninachokunywa mara mbili kwa siku sikuwahi kuisoma. Nikiwa sina uwezo wa kutazama simu wala televisheni, nikavuta chupa tupu iliyobaki chini ya kitanda. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Sukari: gramu 11 kwa kila mililita 100. Chupa ni mililita 300. Nikamwita mama, nikaomba sahani na sukari yake, nikaahidi kuirudisha. Kijiko cha chai hubeba takriban gramu 4. Tukapima: vijiko nane kwa chupa ya asubuhi, vinane kwa ya jioni, na nusu ya kufungia hesabu. Kilikuwa kichuguu cheupe chenye ncha, na kabla hatujamaliza kukitazama sisimizi wawili walikuwa wameshapanda ukingo wa sahani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima akiweza asivuke kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Mimi nilikuwa nafika gramu 66 kabla sijagusa andazi. Mama alichota sukari yake akairudisha koponi, sisimizi akawapuliza. "Na mimi nilikuwa nakuona umekonda," akasema.

Chini ya sukari nikakuta jina jingine, taurini. Hilo lilinipeleka mbali. Taurini iligunduliwa mwaka 1827 na Wajerumani wawili, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, ndani ya nyongo ya ng'ombe, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la fahali. Ya chupani hutengenezwa kiwandani, hakuna ng'ombe anayeguswa. Hata hivyo nilicheka, kwa sababu buchani kwetu nyongo ndicho kitu cha kwanza kutupwa, na mimi nilikuwa nakopa ili niinywe.

Na ukoo wenyewe wa kinywaji hiki una heshima zake. Wajapani waliuza Lipovitan D kuanzia 1962, kwenye vichupa vidogo kama vya dawa ya kikohozi. Miaka ya 1970 Chaleo Yoovidhya wa Thailand akatoa Krating Daeng, yaani ng'ombe dume mwekundu wa porini, na waliokipenda zaidi walikuwa madereva wa malori na vibarua wa zamu ndefu. Dietrich Mateschitz, Mwaustria, akakionja, akaona biashara, na mwaka 1987 Red Bull ikaingia sokoni Austria. Kwa hiyo kinywaji cha mtu anayeendesha lori usiku kucha na mzigo wa mpunga nyuma kilisafiri nusu ya dunia mpaka kunifikia mimi, niliyekaa kwenye kiti chenye mto, nikihamisha koma. Dereva ana sababu. Simsemi yeye, na yeyote anayemcheka dereva wa lori kwa kunywa enaji kwanza amtoe Tunduma hadi Dar kwa usiku mmoja. Mimi nilikuwa mpenda starehe tu, na starehe yenyewe ilikuwa ya kubaki macho nisipotakiwa kubaki macho: kwa mtu mzima wa kawaida kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu, hivyo chupa ya saa kumi na mbili jioni ilikuwa bado na nusu yake saa tano usiku, na robo yake saa kumi alfajiri, wakati jogoo wa jirani anapoanza. Halafu asubuhi nalalamika nimechoka, navuka mtaro.

Mheshimiwa aliondoka siku ya saba, Ijumaa, wakati fulani kati ya adhana ya alasiri na kuiva kwa maharage. Hakuaga. Niligundua tu kwamba binti yangu anagonga sufuria kwa mwiko na mimi sijamkataza. Tangu hapo nalala saa nne usiku kama kuku wa mjane. Sijawa mtu mpya: bado nasinzia juu ya maandishi ya watu, hasa hotuba, lakini sasa nikisinzia nafunga kompyuta nakwenda kulala, na hotuba haijawahi kukimbia.

Nasikia wapo wanaomtukana mgeni wangu, wanasema ni mkatili, wanarudi kwa Mangi kabla hajamaliza salamu. Nawaomba wamvumilie. Nani mwingine hapa mjini atakuja nyumbani kwako kukudai, akae wiki nzima, asile chakula chako, asiombe hata nauli, na akiondoka aache deni limefutwa?

Binti amebadilisha biashara, vifuniko sasa ni sahani za harusi ya mdoli. Mangi naye bado ananidai 3,600, chupa sita za wiki ile ya mwisho, zimo daftarini kwa jina langu. Nimemwambia nitalipa mwisho wa mwezi.