Saini Iliyolipa Posta

Katika Uingereza ya karne ya 18, ambako kwa kawaida gharama ya barua ilibebwa na aliyeipokea, mbunge alikuwa na msamaha wa posta, yaani haki ya kupeleka na kupokea barua bure, na karatasi zilizotiwa saini yake ziligawiwa marafiki kama njugu. Sheria ya mwaka 1764 iliamuru kwamba mwenye kughushi saini hiyo ahamishiwe makoloni kwa miaka 7, hivyo mnyonge naye akapata kusafirishwa bure, tena hadi ng'ambo. Msamaha huo ulifutwa mwaka 1840, mwaka uleule ilipotolewa stempu ya peni moja, na ikabainika kwamba hata mheshimiwa ana ulimi wa kulambia stempu.