Koti la Marehemu na Sufuria Yangu

Hapa Ediofe, Arua, sijamwona bado mwanamume aliyenunua koti la ngozi likamtosha. Wapo wanaoelea ndani ya koti, wapo waliobanwa hadi zipu inakataa katikati ya tumbo, na wote wanasema neno moja: "Litakaa sawa nikishalifua." Sijui ni nani aliyewafundisha kwamba maji yale yale yatapunguza koti la huyu na kupanua la yule.

Sina ugomvi na makoti yenyewe. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kijana wa bodaboda anayeondoka hapa alfajiri na abiria wa Koboko anaujua upepo. Lami ile inayoanzia Vurra mpakani na Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani na Sudan Kusini, ni kilomita 92 za kupulizwa kifuani. Ndiyo maana wengine huvaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, hata ukikutana nao gizani unadhani vichwa ndivyo vilivyofungwa vibaya. Hayo nayaelewa. Linalonishinda ni saizi.

Makoti huja ndani ya mabelo ya mitumba, au mivumba kama tunavyosema Uganda, yakipandishwa basi la usiku kutoka Kampala baada ya kuchaguliwa na kuchaguliwa tena kule soko la Owino. Yanayobaki ya kutufikia sisi ni yale ambayo Kampala nzima imejaribu ikashindwa kuyajaza. Muuzaji akikuambia koti lake limepitia Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ujue anapandisha bei, maana Wakongo wana sifa ya kuvaa. Mwezi Agosti 2023 Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza vita dhidi ya nguo hizi, akasema ni za wafu: Mzungu akifa, nguo zake hukusanywa zikaletwa Afrika. Vita vile havijafika sokoni kwetu, lakini maneno yalifika, na tangu hapo kila koti lina marehemu wake. Nimechunguza mabega ya makoti yanayouzwa Arua, nikaridhika kwamba huko Ulaya wembamba hawafi.

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alinunua la marehemu aliyekuwa na kifua cha kubebea piano. Shilingi 80,000, jeusi, ngozi halisi. Alitaka kulivaa harusini, katika kanisa kuu la Moyo Mtakatifu hapa Ediofe, mwezi wa Januari, wakati jua la kiangazi linawafanya hata mapadre waharakishe mahubiri. Nilipomuuliza kwa nini avae ngozi ya ng'ombe kwenye joto lile, alinijibu kwamba ng'ombe huivaa mwaka mzima na hajasikika akilalamika.

Kisha akaomba sufuria.

Hapa inabidi mjue hali yangu. Kwetu sisi Walugbara mahari ni mifugo, na mimi nimetoa mbuzi wote na ng'ombe karibu wote. Karibu. Kuna fahali mmoja ambaye bado yuko katika mazungumzo, na mazungumzo hayo yamedumu kuliko ndoa za watu wengine. Kwa hiyo shemeji akiomba kitu nyumbani kwangu, huomba kwa adabu kubwa, halafu hunyamaza kidogo, na katika ule ukimya mimi humsikia fahali akikoroma. Nikampa sufuria. Ile kubwa ya enyasa, ugali wetu. Na sigiri, na makaa yangu, na majerikeni ya maji ambayo watoto walikuwa wamebeba wakipanda kilima.

Ushauri aliupata kwenye steji ya bodaboda, chuo kikuu kisicho na ada. Vijana walimwambia: chemsha maji, zamisha koti, litoe, livae likiwa bichi, kaa juani hadi likaukie mwilini. Litakushika. Mmoja alitoa ushahidi wa suruali ya jinzi ya binamu yake. Kwamba jinzi ni pamba na koti ni ng'ombe, hilo halikumsumbua mtu.

Ndani ya kola mlikuwa na kile kitambaa kidogo cha maelekezo, chenye picha ya beseni lililopigwa alama ya msalaba. Kila anayeuza nguo duniani anajua maana yake: usifue. Lakini hapa ni misheni. Mtu aliyekulia chini ya kengele za Ediofe akiona beseni lina msalaba, tena umelala kidogo kama ule wa Mtakatifu Andrea, anaelewa kwamba beseni limebarikiwa. Shemeji alinionyesha picha hiyo kama hati ya kibali.

Fundi viatu wa sokoni alikwisha kunieleza mambo haya, na huyu ni mtu anayeongea mara moja kwa wiki. Ngozi ikiwa mwilini mwa ng'ombe hunyweshwa mafuta na ng'ombe mwenyewe. Ikifika kiwandani hutiwa dawa isioze, kisha hutiwa mafuta mengine ili nyuzi zake zipishane bila kugombana. Maji ya moto na sabuni ya unga hutoa mafuta hayo. Ikikauka, nyuzi zinashikana, na kinachobaki ni gamba. Tena ngozi zina tabia tofauti: iliyotengenezwa kwa magome ya miti hujikunja kabla maji hayajachemka, na ile ya kromu, ambayo ndiyo makoti mengi, huvumilia joto zaidi, halafu nayo ikizidiwa hukata tamaa ghafla. Huwezi kuiambia ipungue kiunoni iache mikono. Hupungua inapopenda.

"Akitaka limtoshe," fundi alisema, "alete tutie sindano." Hata hapo alikuwa na masharti. Mikono hufupishwa, mbavu hubanwa kwenye mishono, lakini mabega usiyaguse, na kila tundu la sindano kwenye ngozi hubaki tundu, haliungani kama la kitambaa. Mafundi cherehani wa barazani hawalitaki kabisa koti la namna hiyo, linawavunjia sindano. Na kuhusu kufua, alisema kitambaa chenye unyevu kidogo, kivulini, kisha mafuta ya ngozi. Basi. Nilipomsimulia shemeji yote haya, alisikiliza akiwa ameshaongeza makaa.

Sitasema koti lilichemka. Niseme lilifikiri kwa muda, likasinyaa lote mara moja. Rangi ilimwagika kwanza, maji yakawa meusi ti. Alipolitoa kwa mwiko, tena mwiko wa enyasa, ngozi ilikuwa imerudi nyuma ikaacha bitana. Bitana ni poliesta, haina habari na maji ya moto, kwa hiyo ilibaki saizi ya marehemu huku koti likiwa saizi ya mtoto wa darasa la sita. Pindo lote la hariri ya bandia lilining'inia nje. Shemeji akalivaa hivyo hivyo, likiwa bichi, mikono imefika kwenye viwiko, akakaa juani kwenye kiti changu.

Lilikauka. Sitaki kuwa mwongo, kwa upande mmoja vijana wa steji walisema kweli: lilimshika. Lilimshika kiasi kwamba kulivua ilihitajika familia. Huko Ulaya katika karne za kati watu walikuwa wakizipika ngozi kwa makusudi ili wapate deraya za vita, na shemeji yangu, bila kusoma historia yoyote, alikuwa ametengeneza moja nyuma ya jiko langu. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole, linaitika.

Mama watoto alisugua sufuria kwa majivu, akasugua tena. Lakini enyasa ya ulezi ina weusi wake tangu zama, kwa hiyo jioni ile hakuna aliyegundua kitu kwa macho. Tuligundua kwa ulimi. Mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu, alisema ulezi wa Ediofe una harufu ya kiatu, na mpaka leo analaumu udongo wetu.

Afadhali lile lilikuwa la ngozi. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia alifua la rekzini, akiamini ni ngozi kwa sababu linang'aa. Rekzini ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki ile katika joto na unyevu wetu huanza kuoza yenyewe hata ukiitundika tu ukaiombea. Ukiifua unaisaidia. Koti lilibanduka magamba kwenye beseni, magamba yakasafiri na maji hadi uani kwangu, kuku wakayala. Jirani sasa huvaa kile kitambaa kilichobaki na anasema ni mtindo.

Turudi kwa deraya. Harusini shemeji alikwenda na koti langu mimi, la kitambaa, linalomtosha vizuri sana. Halijarudi, na siulizi. Lile jeusi amelipatia mteja: mzee wa upande wa Koboko mwenye mizinga. Asali ya kwetu West Nile ina jina, na wavunaji wake huumwa. Shemeji anasema hakuna mwiba wa nyuki utakaopenya ngozi iliyopikwa. Ni kweli. Ila nilimkumbusha kwamba nyuki huchukia rangi nyeusi, na kwamba mzee akisogea na kitu kile mzinga mzima utamtokea usoni.

Alifikiri. Akasema hilo ni jambo dogo, tutalitia Jik liwe jeupe, tena Jik ikichemshwa hufanya kazi haraka zaidi.

Nilifungua mdomo nimweleze juu ya Jik, ngozi, na mvuke katika jiko lisilo na dirisha. Alinisubiri kwa adabu kubwa. Akanyamaza kidogo.

"Na yule fahali, shemeji?"

Jik nilikataa kumpa. Sufuria nilimwonyesha ilipo.