Namna ya Kutengeneza Tamthilia ya Wanawake wa Dukani Bila Kuisaliti Unguja

Umeshaiangalia *Velvet* ya Hispania, umeshaiangalia *Mr Selfridge* ya Uingereza, ukamalizia na *Il paradiso delle signore* ya Italia, ile ya wasichana wa dukani katika Milan ya miaka ya 1950. Sasa hamu imekupanda. Unataka Unguja nayo iwe na tamthilia yake ya zama zilizopita: wanawake nyuma ya kaunta, magauni mazuri, mapenzi na mwenye duka. Hamu hiyo ni njema na mimi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini soma kwanza mwongozo huu kabla hujakodi kamera, maana ukianza vibaya utatuletea Milan iliyovishwa buibui.

Amri ya kwanza: usijenge duka la ghorofa nne lenye ngazi ya marumaru. Hatukuwa nalo. Jumba kubwa kuliko yote Mji Mkongwe, Beit al-Ajaib, Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, mwaka uleule ambao Émile Zola alichapisha riwaya yake juu ya duka kubwa la Paris. La Barghash halikuuza hata sindano. Maduka yetu yalikuwa chini ya nyumba za watu. Mlango wa mbao wa mapande ya kukunja ukifunguliwa, chumba chote cha mbele kinakuwa duka, baraza inakuwa kiti cha wateja, na familia inalala juu. Hapa jora za nguo, pale viungo, mbele kidogo fundi cherehani wa Kigoa, kisha mpiga picha, kisha sonara. Kwa hiyo usitafute jengo la kupigia picha. Tafuta kichochoro kizima, kwa sababu duka letu kubwa lilikuwa mtaa. Zungumza mapema na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na utenge siku za kutosha za kuficha nyaya za umeme, madishi na vespa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe: wanawake wako wapi? Ukimtafuta msichana wa sare nyuma ya kaunta ya 1958 utahangaika, na mtayarishaji mvivu atakata tamaa hapo hapo, amuazime mmoja kutoka Ulaya. Usifanye hivyo. Wanawake walikuwa wamelizunguka duka kila upande. Ni kamera tu ambayo haijawahi kuelekezwa walikokuwa.

Ielekeze juu kwanza. Dirishani yupo mama wa heshima ambaye hajawahi kukanyaga dukani, lakini kikapu chake kinashuka kwa kamba na kupanda na bidhaa. Nyumba za majirani zimeunganishwa kwa wikio juu ya kichochoro, anapita kumtembelea shoga yake bila mguu wake kugusa njia. Mwenye duka anamjua kwa sauti na kwa ukali wake wa bei. Mteja asiyeonekana kwa sehemu kumi za tamthilia, lakini kila mtu dukani anamwogopa: huyo ni mhusika wa kupiganiwa na waigizaji wakubwa.

Kisha ielekeze nyuma ya pazia, kwa mke wa mwenye duka. Hapa njia imeshafyekwa. Adam Shafi, katika riwaya yake *Vuta N'kuvute*, alimweka Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Na mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu. Itazame mara mbili. Ya kwanza kwa hadithi, ya pili kwa kuangalia jinsi Unguja ya miaka ya 1950 inavyoweza kusimama kwenye skrini bila kugeuzwa kadi ya posta.

Halafu utoke kabisa mtaa wa maduka, uende chumbani kwa mshonaji wa kofia, na hapo ukae sana. Kofia ya viua iliyopangwa dukani, ile ambayo mwanamme anaivaa Ijumaa na kuonekana mtu, mara nyingi imeshonwa na mwanamke nyumbani kwake. Kitambaa cheupe, vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kimoja, wiki kwa wiki, katikati ya kupika na kulea. Mvaaji anajulikana, muuzaji anajulikana, aliyeitia macho yake hatajwi. Ukitaka kujua mfanyakazi wa duka wa kike alikuwa nani Unguja, ni huyu. Alilifanyia kazi duka miaka mingi pasipo kupewa ufunguo wake. Mimi ningempa msimu mzima.

Mchuuzi naye usimsahau. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 na kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri, alikuwa akitembea na vyungu akiviuza, na sauti yake ndiyo iliyomwitia wateja. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Watu wanamkumbuka kwa taarab, na ni haki yake. Lakini wewe unatengeneza tamthilia ya wauzaji, basi mwoneshe akiuza. Mwoneshe akibishana juu ya chungu chenye ufa.

Moyo wa duka lako uwe kanga. Biashara yake ilikuwa kubwa kuliko kisiwa: viwanda vya Uholanzi vilichapa kanga kwa ajili ya pwani yetu tangu mwisho wa karne ya 19, na kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887 na likajijengea jina kwa alama ya Mali ya Abdulla. Lakini tajiri wa kiwandani na tajiri wa dukani wote walikuwa wanamngojea mwanamke mmoja anyooshe mkono, aguse pindo, asome jina. Akiguna na kuiacha, marobota yatalala stoo mpaka mende wayajue. Andika tukio hili taratibu: robota linafunguliwa, kanga mpya inatandazwa, wanawake wanasoma jina kimya kimya, na kila mmoja ameshampata moyoni mtu wa kumvalia. Mmoja anachukua doti mbili, yake na ya wifi yake, na wifi akisoma ataelewa. Majina hayo yatungwe na waandishi wako wenyewe. Kumi mazuri yatakuchukua mwezi, nawe utoe mwezi huo.

Mavazi na vifaa nisikae navyo sana. Buibui liwe la kizamani, la kufungwa kwa kamba kichwani, si abaya ya Dubai iliyotariziwa. Hela ziwe shilingi za Afrika Mashariki. Rupia ziliondoka mwaka 1936, ingawa unaweza kumwachia bibi mmoja azihesabie bado. Nguo ipimwe kwa wari, mchele kwa pishi na kibaba. Na msichana anayetoka Makunduchi aseme kama mtu wa Makunduchi.

Mwaka wa kuanzia ni 1958, na nina sababu. Hizo ndizo zama za siasa, baada ya uchaguzi wa 1957, watu walipoanza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali. Maduka yaligomewa kwa sababu ya asili na chama cha mwenyewe, na wafuasi wa Afro-Shirazi wakafungua maduka yao ya ushirika. Fikiria mwanamke ambaye kwa miaka amekopa sukari kwa daftari katika duka la Mmanga jirani yake, na mwenye duka huyo aliwahi kumfungulia usiku mtoto alipougua. Leo anaambiwa asinunue hapo. Anapita mlangoni na kikapu kitupu, mwenye duka yupo kibarazani, wote wawili wanatazama chini. Tukio hilo halihitaji muziki wa kuliza watu. Linahitaji waigizaji wawili wanaojua kusalimiana na kuacha kusalimiana.

Ukishaanza hapo, huna ruhusa ya kuruka 1964. Mapinduzi yalikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Januari. Kwa hiyo jioni ya Jumamosi kuna duka linafungwa kama jioni nyingine, daftari la mikopo linawekwa mahali pake. Waliouawa, waliokimbia na waliopata nyumba na ardhi kwa mara ya kwanza wote wana watoto na wajukuu watakaoitazama kazi yako. Waandikie wote wakiwa na majina na akili, asiwepo wa kupita tu kama kivuli cha historia.

Msimu wa pili, msichana wako wa kaunta anafika hatimaye, na anafika kwenye duka la serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilitolewa kwa mgao, na yeye ndiye aliyeshika mizani.

“Mwanangu, sukari imekuja?”

“Shikamoo bibi. Imekuja, lakini ya mgao.”

“Ya mgao na mimi nimekulea?”

Hapo kuna mapigano makali kuliko ya mapenzi yote ya Milan. Na historia imekutunuku jambo ambalo mtunzi asingethubutu kulibuni: katika miaka hiyohiyo ya foleni, Unguja ilipata televisheni ya rangi, wakati Bara ilisubiri kituo chake cha kwanza hadi mwaka 1994. Mtie msichana wako mbele ya skrini ile baada ya siku nzima ya kusema “hakuna.” Rangi zote anazo, rafu zake tupu.

Msimu wa tatu unajiandika wenyewe. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi anashika urais wa Zanzibar, milango ya biashara inafunguliwa, bidhaa zinarudi Darajani, na miaka inayofuata wanawake wenyewe wanapanda ndege kwenda Dubai na kurudi na mabegi yao. Mjukuu wa mshonaji kofia anakodi fremu ya duka. Ufunguo sasa uko mkononi mwake, na deni pia.

Limebaki moja, na hili liandike kwenye mkataba. Kofia zote zitakazoonekana kwenye tamthilia zinunuliwe kwa washonaji wenyewe, kwa bei watakayoitaja wao, na majina yao yapite mwishoni pamoja na ya waigizaji, kwa herufi za ukubwa uleule.