Mganda wa Kimyakimya

Würzburg, Jumatatu jioni

Mama, Baba, Kaka, shemeji, salamu nitazimalizia mwishoni nikikumbuka. Kwa sasa nina habari moja tu inayoniwasha: jana nimedhaniwa mlevi na bibi wa watu, na chanzo ni harusi ya Dada.

Ile flashi ya video ya harusi mliyowapa wageni wa kanisa imefika salama. Jimbo la huku na Jimbo la Mbinga yana undugu tangu 1989, kwa hiyo ukitaja Mbinga hapa mtu hakuulizi iko nchi gani, anakuuliza kama unamfahamu padre fulani. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya mezani. Bei yake msiulize, niliiokota. Huku mtu akichoka na kabati, godoro au sipiyu nzima na monita yake, anaitoa kando ya barabara. Yangu ina Windows 7, ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Januari 2020. Niliipandisha ghorofa nne begani kama gunia la kahawa, huku najisifu.

Picha safi kabisa. Baba yumo ndani ya suti ileile. Wacheza mganda wa Liuli wamejipanga, weupe pe, mpiga ngoma ananyanyua mkono, anaushusha, na kimya. Jamani, mganda usio na sauti ni watu wazima wamevaa nguo nyeupe wanakanyaga siafu kwa nidhamu. Mama, na wewe unaonekana ukipiga vigelegele, mdomo wazi, ulimi unacheza, wala hakitoki kitu. Nilirudia pale mara tatu, nikazima nikaenda kupika.

Mnakikumbuka kibanda changu pale stendi, “Fundi Kompyuta, Tunapiga Window, Tunaweka Nyimbo”? Kuna mwalimu aliniletea kompyuta isiyotoa sauti. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia aiache hadi kesho, nikamtoza elfu kumi na tano. Tatizo lilikuwa spika hazijawashwa. Kwa hiyo hapa nilianza na hilo, kwa aibu kidogo. Taa ya spika inawaka. Nikaigeuza sipiyu: nyuma kuna vumbi la kutosha kupanda maharage, na matundu matatu yamepangana kama ngoro za Baba pale mteremkoni. La waridi ni la maikrofoni, la buluu la kuingizia sauti, la kijani la kuitolea. Waya umo kwenye la kijani. Nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikazima, nikawasha. Nikaing'oa draiva ya sauti, nikaipiga upya. Maandishi yote ni Kijerumani, na Kijerumani changu kinatosha kununua mkate tu, basi kila swali nikawa najibu “Ja” kama bwana harusi mbele ya padre. Na kila nilipokwama niliongeza sauti: ya video hadi mwisho, ya kompyuta hadi mwisho, ile ya spika nikaizungusha mpaka ikagoma.

Ilinichukua siku tatu kumjua mchawi. Monita imeungwa kwa waya wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Kompyuta ilipouona, ikajiamulia kwamba sauti yote ipite humo iende kwenye monita. Monita yenyewe haina spika! Vigelegele vya Mama vilikuwa vikitoka vizuri tu, vinapelekwa kwa kiziwi. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya kile kipicha cha spika pembeni chini, kufungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, kisha kuchagua spika badala ya monita. Kazi ya sekunde kumi. Niliifanya jana, Jumapili, saa nane mchana.

Sasa, Jumapili ya huku. Imo kwenye katiba yao, kwa maneno waliyoyarithi kutoka katiba ya 1919, kwamba ni siku ya mapumziko. Hukati majani kwa mashine, hutoboi ukuta, hata chupa tupu huzipeleki kwenye pipa lake kwa sababu zitagongana zikalia. Nyie Jumapili mna kwaya, maspika ya duka la jirani na bodaboda isiyo na ekzosi. Mimi natembea na soksi. Nimejifunza kufunga mlango taratibu hivi kwamba nikirudi likizo mtaniita mwizi.

Ngoma ya Liuli ikalipuka. Kikombe kilitembea mezani. Nikaitafuta mausi nisiione, nikaupata kwanza mguu wa kiti kwa kidole gumba.

Hapo nikamkumbuka Babu alivyokuwa akitusimulia habari za 1914, Wajerumani walipokuwa bado wanaiita Liuli Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe letu lenye umbo la sphinx. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajasikia kwamba kuna vita. Inasemwa alipiga makasia kwenda kumuuliza mwenzake Mwingereza, rafiki yake wa glasi, kama amelewa.

Basi bibi wa ghorofa ya chini alipanda kwa miguu yake, akagonga, akaniuliza kwa upole kabisa nimekunywa nini. Nikamwambia ni dada yangu anaolewa. Akasema, “Humu ndani?” Nikamwonyesha. Akakaa. Akashuka, nikajua anaita polisi, akarudi na birika la kahawa na pakiti yake nisome: Mbinga. Baba, sisi tunaolima tunakunywa chai, na mimi nimekuja kuijua ladha ya kahawa yetu ghorofa ya nne ya Ujerumani. Chungu kidogo. Sikusema.

Aliomba nirudie pale Mama anapopiga vigelegele, ila kwa sauti ya chini. Mama, nilikupunguza mpaka mstari wa mwisho kabla ya sifuri, hukupunguzika.

Kaka, ukimwona yule mwalimu mrudishie elfu kumi. Tano zinabaki, ni za ufundi. Na usipa wa Mbamba Bay ufungwe mara tatu safari hii. Nimeambiwa kwenye ngazi za jengo hata harufu ina saa zake.

Wenu, Fundi